Mama Mkwe Alipotia Mkono Kwenye Tangi la Samaki

Kwako Shangazi Jedidah,

Naomba msaada wako, na ukiweza naomba usinicheke, kwa sababu jambo lenyewe lilianza na mwani na sasa limefika kwenye tiketi ya ndege, na mimi sijui katikati hapo nilipotelea wapi.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, Mmeru, nakaa Brooklyn Center, huku Amerika, na mke wangu, ambaye nitamwita Keziah ingawa si jina lake, na binti yetu wa miaka saba, nitamwita Nkatha, na mtoto mchanga aliyezaliwa Novemba, na tangu Novemba hiyo mama mkwe pia tuko naye. Nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee kule Golden Valley, shifti ya usiku, na nikipata ovataimu naunganisha na ya mchana. Mwezi wa Aprili mwaka jana niliona tangazo mtandaoni, jamaa wa Eden Prairie anahama na anatoa tangi lake la samaki wa maji ya chumvi, tangi zima na mawe yake na taa na pampu na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, na Shangazi, mimi bahari niliiona mara moja tu maishani, nikiwa kidato cha tatu, shule ilipotupeleka Mombasa siku mbili, na sijawahi kuisahau, kwa hiyo nikaazima pikapu nikaenda mara mbili, nikabeba hata maji yenyewe kwenye ndoo, nikasoma, nikajifunza kupima chumvi, nikajifunza kwamba maji yakikauka chumvi hubaki kwa hiyo unaongeza maji matupu, nikawa naenda dukani kununua maji yaliyochujwa kwenye ile mashine, na kwa miezi sita tangi langu lilikuwa safi mpaka watu wa fellowship yetu ya maombi wakija walikuwa wanasahau chai. Kazini naitwa huku naitwa kule, huyu anataka chooni, yule ameanguka, na nikifika nyumbani kitu pekee kisichoniita ni lile tangi, nakaa mbele yake dakika kumi na nasikia nafuu.

Sasa mama mkwe. Alikuja kutusaidia na mtoto, na alisitasita sana kuja, kwa sababu ni wa kizazi kile ambacho mama hali wala halali katika nyumba ya mkwe wake, ikabidi mchungaji wake wa nyumbani amtie moyo, na alitua Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani, na tangu aje tangi limeharibika. Sisemi uongo, Shangazi. Mwani ulianza kama vumbi la kahawia kwenye kioo, nakumbuka ilikuwa wiki ile watoto wa huku wanavaa mavazi ya mizimu na kugonga milango wakiomba peremende, nikapangusa, ukarudi, ukawa kijani, na sasa umekuwa nywele, nywele ndefu za kijani juu ya kila jiwe, mpaka samaki wanapita ndani yake kama ng'ombe ndani ya mahindi. Jamaa mmoja wa fellowship aliniuliza mbele ya watu wote, "Buda, hii ni fish tank ama ni shamba ya sukuma?" na watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini sikufurahi hata kidogo.

Nikaanza kuchunguza. Mama ni mkulima, anaamini kila kilicho hai ndani ya nyumba lazima kile kishibe, na mara mbili nimemkuta amesimama mbele ya tangi na sahani mkononi. Mimi samaki nawalisha asubuhi nikitoka kazini, kidogo tu, Keziah nadhani huwatupia kitu mchana, na Nkatha huwapa akitoka shule kwa sababu kazi hiyo nilimpa mwenyewe, lakini hao ni wa siku zote, aliyeongezeka ni mama. Taa ya tangi haina shida, inawaka tangu alfajiri mpaka tunapolala, na Keziah hunyonyesha kwa mwanga wake kwa sababu Januari hii saa kumi na moja tayari giza. Maji pia hayana shida, ingawa tangu Oktoba nimeacha kununua yale ya dukani, Keziah alipoambiwa na daktari apumzike nikaanza kuunganisha shifti, muda wa kubeba magaloni kwenye barafu sina, naweka ya mfereji, ambayo ni safi na sisi wenyewe twanywa. Nikanunua dawa ya kuua mwani, chupa mbili, na mwani haukufa, waliokufa ni konokono waliokuja na tangi.

Basi Jumapili iliyopita nimetoka shifti mbili mfululizo, fellowship ni kwetu jioni, nafungua mlango nakuta mama amekunja mkono wa sweta mpaka begani, mkono wote umo ndani ya tangi, anang'oa ule mwani na kuutia ndani ya sufuria ya Keziah, na Nkatha ameshika sufuria. Shangazi, sijui nini kilinipanda. Nikamshika kifundo cha mkono nikautoa nje ya maji, nikasema kwa sauti, "Toa mkono hapo! Kwani who told you to touch my things? Tangu ukuje hii nyumba kila kitu inaharibika!" Nkatha akaanza kulia, "Daddy, stop, she's just helping!" Mama alijifuta mkono kwa leso yake, akaniangalia, akasema, "Pole, Baba Nkatha. Sitarudia," akaingia chumbani.

Tangu siku hiyo anakula chumbani. Amefunga masanduku. Alikuwa akae mpaka Aprili, lakini amemwomba Keziah abadilishe tiketi na Keziah amebadilisha, anaondoka Jumamosi ijayo, na Keziah anarudi kazini tarehe ishirini na saba na hatuna mtu wa kukaa na mtoto. Nilipomwambia Keziah kwamba nilikuwa nimechoka alinijibu mara moja tu. "Ulisema kila kitu imeharibika tangu akuje. Hata mtoto alikuja hiyo hiyo November. Na yeye pia ameharibu?" Hajanisemesha tena.

Ninachoomba ni haya. Kwanza, huu mwani nitauondoa vipi? Pili, nimweleze vipi mama kwa heshima kwamba tangi la maji ya chumvi ni kitu cha kitaalamu, si kila mtu anaweza kuligusa, ili akubali kubaki bila kuligusa?

Mimi Mkwe Aliyekwama, Brooklyn Center

*

Baba Nkatha,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka, samahani, uliniomba nisicheke. Ya pili nilimsomea kwenye simu mtu anayejua mambo ya samaki. Ya tatu nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi sasa ninapoandika. Jibu hili nimekutumia kwa barua pepe Jumatatu hiyohiyo niliyoipata barua yako, kwa sababu ndege haingoji jarida letu, na ninalichapa hapa kwa idhini yako ili wakwe wengine wasome.

Umeniuliza maswali mawili, na umeweka la mwani mbele. Mama aliyevuka bahari na mila yake kuja kumbeba mtoto wako amefunga masanduku, nawe umeanza na mwani. Haya, tuanze na huo mwani, kwa sababu naona mpaka nikutolee huo njiani hutanisikia.

Mimi samaki nawajua wakiwa wamekaangwa. Kwa hiyo nilimpigia ndugu Rigobert, mtu wa Bukavu, ambaye kazi yake ni kuzunguka kusafisha matangi ya samaki kwenye kliniki za meno. Nilipofika pale mama anapong'oa mwani kwa mkono alinikatiza. "Attendez, Maman Jedidah. Anatoa na mukono? Anaweka mu sufuria?" Nikamwambia ndiyo, na mkwe wake akamfokea. Rigobert akasema, "Mais ule mama iko anafanya kazi yangu! Mimi bananilipa kwa hiyo!"

Umeelewa, baba? Kila unywele wa mwani unaotolewa nje ya maji unatoka na uchafu ambao mwani huo umekwisha kuula. Ukiuacha ndani ufe, kwa dawa yako ya chupa mbili, unaoza na kuulisha mwani mwingine, na konokono wako waliokufa nao wanaoza na kuulisha pia. Konokono ndio waliokuwa wanakula mwani. Uliwaua wafanyakazi, kisha ukamkamata mkono mfanyakazi wa mwisho aliyebaki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yako huyu hakungoja kupewa. Aliona shamba la mkwe wake limeingiwa na magugu, akaliangalia kwa muda, na zile siku ulizomkuta na sahani mkononi ninaamini alikuwa anakula tu chakula chake huku akilitazama gugu, maana ndivyo mkulima anavyofanya. Kisha akakunja sweta akaanza kupalilia. Wewe ukampokonya jembe.

Sasa tuhesabu tarehe, na tuzihesabu kwa barua yako mwenyewe. Vumbi la kahawia uliliona wiki ya peremende, yaani mwisho wa Oktoba. Mama alitua Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani, yaani Novemba imeshavuka katikati. Mwani ulimtangulia kwa wiki tatu! Alikuwa bado yuko kwake Meru, hajapanda hata gari la kwenda Nairobi, tangi lako tayari limeanza kuota. Uliandika tarehe zote mbili kwa mkono wako na hukuona. Nyani haoni kundule, lakini wewe ulililaza mezani ukalichora picha.

Na nini kilibadilika Oktoba? Umeniambia pia. Uliacha maji yaliyochujwa ukaweka ya mfereji. Rigobert anasema maji ya mfereji yanaweza kumfaa mtu na yasilifae tangi, kwa sababu hubeba vitu ambavyo kwetu si kitu na kwa mwani ni mbolea, na maji yakikauka mbolea hubaki, ukiongeza tena inazidi, wiki baada ya wiki. Taa unaiwasha kutoka alfajiri hadi mnapolala. Saa nane kwa siku zinatosha, saa nyingine mpe mke wako taa ya kawaida ya kunyonyeshea, inauzwa kila duka. Kisha chakula.

Hapa kwenye chakula nilitaka kurusha simu. Wewe ni mtu wa kulea wazee na wagonjwa, au nimekosea? Mimi pia nilikuwa nesi, miaka ishirini na miwili. Mzee wako wa Golden Valley, unaweza kumpa kidonge bila kutia sahihi? Huwezi. Kwa nini? Ili wa shifti inayofuata asimpe tena. Hilo unalijua ukiwa usingizini. Halafu unarudi nyumbani kwako, wewe unalisha asubuhi, Keziah mchana, Nkatha jioni, shifti tatu kamili, hakuna hata mmoja anayeandika, na "nadhani" ndiyo ripoti yenu ya kupokezana kazi. Samaki wawili, milo mitatu, na kinachobaki kinaoza chini ya mawe. Kisha ukahesabu watu wanaolisha na ukamhesabu yule mmoja ambaye huna ushahidi kwamba ametupa hata punje.

Kwa hiyo bandika karatasi kwenye kioo, anayelisha aandike, mara moja kwa siku, kiasi ambacho samaki wanamaliza kwa dakika mbili. Kama ni wale uduvi wa kugandishwa, waoshe kwanza, maji yao uyamwage. Rudi kwenye maji ya mashine, na kila wiki badilisha ndoo moja ya maji ya zamani kwa maji mapya yaliyotiwa chumvi sawasawa. Dawa yako itupe. Osha sponji ya filta. Nunua konokono wengine ukiona maji yametulia. Na mwani ung'olewe kwa mkono, mara mbili kwa wiki, pampu ikiwa imezimwa, mkono ukiwa umeoshwa kwa maji bila sabuni wala losheni. Rigobert anasema utaona tofauti baada ya mwezi na nusu, na kabla ya hapo hutaona chochote, kwa hiyo usianze kutafuta mwingine wa kumlaumu katikati.

Swali la kwanza limekwisha. Swali la pili umeuliza vibaya. Unataka kumweleza mama kwa heshima kwamba tangi ni la kitaalamu. Baba Nkatha, katika nyumba hiyo mtaalamu alikuwa mmoja tu, nawe ulimfukuza.

Najua umechoka. Nasema kwa dhati, najua, nimefanya shifti hizo nikarudi nyumbani nikawafokea watoto kwa sababu ya kijiko. Mwanamume anayebeba wazee wa watu usiku kucha, ana mtoto mchanga, na raha yake yote ni dakika kumi mbele ya kioo, huyo namhurumia, na kama kioo hicho kimeota nywele na watu wanamcheka, namhurumia zaidi. Ila hasira yako ilikuwa ya mwani, na ya shifti, na ya yule jamaa wa sukuma. Yeye hukumjibu, ulicheka naye. Ulimjibu mama kwa sababu ndiye asiyeweza kukujibu.

Tena fikiria ulichomwambia. Mwanamke huyu aliogopa jambo moja tu, kwamba mama halali katika nyumba ya mkwe wake. Alifundishwa hivyo tangu akiwa msichana. Akaambiwa, enda, Amerika ni kwingine, mjukuu anakuhitaji. Akavunja alilofundishwa, akapanda ndege peke yake, akaja akavaa sweta tatu kwenye baridi hii ya mwaka huu inayokausha hata machozi, na baada ya miezi miwili mkwe wake akamshika mkono na kumwambia kwamba tangu aje kila kitu kimeharibika. Wewe ulimthibitishia kile alichoogopa. Usishangae anakula chumbani. Anajaribu kurudi kwenye sheria yake, na ndani ya nyumba yenu chumba hicho ndicho mahali pekee alipopata.

Nami nitakuambia kitu ambacho si desturi yangu kuandika hapa. Mama yangu alikuja kwangu Saint Paul mara moja. Mume wangu, ambaye sasa ni marehemu na alikuwa mtu mwema, alimsemesha vibaya kwa sababu ya mashine ya kufulia. Mama aliondoka wiki tatu kabla ya wakati, na mimi nilinyamaza nikidhani yatapoa yenyewe. Yalipoa kweli. Hakurudi tena, na mtoto wangu wa mwisho nyanya yake alimjua kwa sauti ya simu. Bado inaniuma.

Sasa fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu.

Usinunue maua ya dukani wala kadi. Mama huyu hatasoma kadi. Leo hii mpigie Mzee Nahashon wa fellowship yenu, nimeshazungumza naye bila kumtajia neno la ndani, na yeye na mkewe wako tayari kuja Alhamisi saa kumi jioni. Kosa kwa mama mkwe halimalizwi na mkosaji peke yake akiwa jikoni. Lina wazee wake wa kulisuluhisha, na hao ndio watu wako huku. Alhamisi omba ruhusa kazini. Shifti ya mtu mmoja itapata mtu. Wanunulie wageni chakula, upike mwenyewe, Keziah akae.

Utakapoomba msamaha, Nkatha awepo. Alikuwepo ukikosa, lazima awepo ukitengeneza, la sivyo atakua akijua nusu moja tu. Taja kosa lote kwa mdomo wako, kwamba ulimshika mkono, kwamba ulipaza sauti, na kwamba uliyosema si kweli. Neno "nimechoka" lisitoke. Neno "lakini" likikujia ulimeze. Habari za maji ya mfereji na taa mwambie pia, umwambie ni wewe, kwa sababu ana haki ya kujua kwamba hakuharibu kitu.

Usimwombe abaki kwa ajili ya tarehe ishirini na saba. Ukifanya hivyo atajua umekuja kutafuta yaya. Mwambie tiketi iko mkononi mwake, akitaka Aprili ni Aprili, akitaka Jumamosi utampeleka wewe mwenyewe uwanja wa ndege na kumbebea masanduku hadi ndani, na mlango wa mwaka ujao u wazi. Kisha unyamaze umwache aamue. Akiondoka, mtatafuta mtu wa kukaa na mtoto kama wenzenu wanavyotafuta, na hiyo itakuwa adhabu yako, usimbebeshe Keziah.

Na jambo la mwisho. Wazee wakishaketi sebuleni, usimtume Nkatha amwite nyanya yake, wala usimtume Keziah. Nenda mwenyewe mpaka kwenye mlango wa kile chumba. Nyumba ni yako, kodi unalipa wewe, ufunguo unao. Piga hodi, baba, halafu usimame hapo mpaka aseme karibu.

Shangazi Jedidah